Upande wa Pili wa Kisu cha Korongo

Mwanangu, picha uliyonitumia jana kwenye simu imenikumbusha Jumapili moja kule Bugarama, na nimeikumbuka pamoja na jasho lake. Umeandika: "Papa, kisu cha korongo. Mpini wa mti, misumari mitatu ya shaba. Mwenye nacho anataka jibu leo." Nimeitazama picha. Nimefuta miwani, nimeitazama tena. Jibu utalipata, ila mwenye kisu na angoje kidogo. Chuma hicho kimelala kwenye mifuko ya watu tangu babu yako ana meno yote, hakitaoza kwa kungoja maneno ya mzee mmoja.

Wakati huo nilikuwa kijana. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, tukapanga chumba Gihundwe, na kila asubuhi nilienda kwa miguu mpaka soko la Kamembe kuuza vitu vilivyokwisha kutumika: saa za ukutani, taa za mafuta, kufuli zisizo na funguo na, upande mwingine wa turubai, funguo zisizo na kufuli. Walinipa jina la Nusu. Mtu akitaja bei, mimi nilikuwa nimeshasema nusu kabla hajafunga mdomo. Hata mchungaji alipotangaza kwamba ibada itachukua saa mbili, watu wa benchi la nyuma walinigeukia wakingoja nijibu.

Aliyekaa karibu nami pale sokoni alikuwa Maman Venansia, mjane kutoka ng'ambo ya mto, muuzaji wa tumbaku ya majani. Wazee wa bonde la Bugarama walipokosa pesa ya tumbaku walimwachia chochote kilichokuwa mfukoni, na mfuko wa mzee wa siku zile haukukosa kisu cha kukunja. Visu vingine vyote aliviuza. Aina moja tu hakuiuza, kisu cha korongo. Wewe sasa unakijua: bapa moja, mpini wa mti mweusi, na pale chini, bapa linapoingia kwenye mpini, pamepigwa muhuri wa ndege aliyeinua mguu mmoja. Wenye mashamba ya kahawa waliwapa wasimamizi wao zamani, ndiyo maana bonde lote lilikuwa navyo. Maman Venansia alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa korongo watupu.

Kwangu mimi vilikuwa kitu kimoja kilichojirudia. Siku moja aliviweka viwili juu ya gunia lake.

"Nusu, iyi na iyi, ni moja?"

"Moja, Maman."

"Angalia tena."

"Moja. Unataka tuongee bei ya zote mbili?"

"Weye macho yako inaonaka bei tu," alisema. "Iyi korongo iko na jicho. Ile kipofu."

Niliinua vile visu kwenye jua. Kweli, mwanangu. Korongo mmoja alikuwa na kitone kidogo kichwani, kidogo kuliko kichwa cha sindano. Mwingine hakuwa nacho. Nilicheka, nikasema labda jicho limefutika kwa kutumika. Akanionyesha vingine, vilivyochakaa zaidi, na jicho bado liko. Basi kwa nini? Alinipa kazi ya kufikiri mpaka jioni, kisha akaniambia alivyodhani yeye: muhuri wa kiwandani ukipigwa kisu juu ya kisu juu ya kisu, nao unachoka. Mstari mnene unabaki, kitone kinakufa. Kwa hiyo mwenye jicho alizaliwa kwanza, kipofu ni mdogo wake.

Tangu siku hiyo nilikuwa mgonjwa wa ugonjwa huu ambao na wewe umeurithi. Nilianza kuona mfuo wa ukucha, ule mkato wa kufungulia bapa: kwenye visu vingine umenyooka kama mchirizi, kwenye vingine umepinda kama mwezi mchanga. Nilijifunza kusikiliza springi. Cha zamani kikifungwa kinasema "ta!" kwa sauti kavu, cha baadaye kinasema kwa uvivu kidogo. Wateja walikuwa wakinikuta nimeshikilia kisu sikioni, wakaenda kununua kwa wengine. Nilijiona mjuzi. Nilijisifu pia kwamba kila kitu nakihesabu mara mbili, na hilo lilikuwa kweli, kama utakavyoona.

Sasa nikupe habari za Bahati. Bahati alikuwa rafiki yangu tangu Bukavu. Alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Bugarama, na alikuwa amechumbia msichana wa Gitambi. Kapita wao, yaani msimamizi wa kazi, aliitwa Papa Sebastiani, mtu wa kanisa, mkavu, asiyependa mchezo lakini asiyeonea. Papa Sebastiani alikuwa na kisu cha korongo alichoachiwa na baba yake, pamoja na ala yake ya ngozi ya kuvaa kwenye mkanda. Siku moja kwenye mashine alipapasa ala akaikuta tupu. Wakafagia, wakachambua pumba, hakuna kitu. Muda haukupita mrefu, akamkuta Bahati nyuma ya jengo anamenya muwa. Kwa kisu gani? Cha korongo.

Bahati alisema ni cha babu yake. Mama yake alikuwa amekitunza ndani ya sanduku la bati miaka yote, akampa alipochumbia, kwamba sasa umekuwa mwanaume. Ni kweli, hakuna mtu wa kazini aliyewahi kukiona kabla. Lakini fikiria jambo hilo linavyosikika: kisu chako kimepotea, na kijana wako wa kazi anatoa kinachofanana, anasema kilikuwa sandukuni. Papa Sebastiani hakumpiga, hakukinyang'anya, wala hakukiomba akikague. Alisema Jumapili baada ya ibada waje nyumbani kwake, wazee wawili wa kanisa wakae, na kisu kiletwe. Kama ni chake, Bahati ataondoka kazini, na Gitambi watajulishwa wanamwozesha binti yao kwa nani.

Bahati alipanda Kamembe kuniona. Uso wake ulikuwa umekwisha. Alikuwa amekuja na kisu, nikakichukua, nikafanya kazi yangu. Korongo alikuwa kipofu; hilo niliona, nikamwambia, na yeye akashika neno hilo kama mtu aliyeshika kamba majini. Mfuo ulikuwa wa mwezi mchanga. Nikahesabu misumari ya shaba inayoshika mpini: mitatu. Nikahesabu tena: mitatu. Nikamrudishia.

"Papa Sebastiani anasema yake iko na jicho," Bahati alisema. "Njo maana mi nasema si yake. Weye utakuja useme, Nusu. Weye unajuaka kusema."

Nilijua kusema, ni kweli. Ndiyo ilikuwa shida. Usiku sikuwaza juu ya kisu hata kidogo, niliwaza juu ya mapatano. Asubuhi nikamwendea Maman Venansia na mpango wangu uliokamilika: anipe korongo mmoja katika kopo lake, mzuri, mwenye jicho, nitampelekea Papa Sebastiani, nimwambie, mzee, chukua hiki, Bahati abaki na chake, mambo yaishe, kila mtu apate na kila mtu apoteze kidogo.

Maman Venansia alikuwa anafunga tumbaku. Hakuinua kichwa.

"Muntu akiibiwa, unamulipa. Muntu asipoiba, analipa nini?"

"Si kulipa, Maman. Ni kutuliza tu."

"Ukimupa kapita kisu, bantu ya Bugarama batasema nini? Batasema Bahati alikuwa mwizi mwenye rafiki muzuri." Sasa aliinua kichwa. "Nusu, mi nakuambia kitu. Ile nusu yako ni ya saa na taa. Jina ya muntu haikatwake katikati. Ukikata, yenye inabaki si nusu ya jina. Ni matusi."

Nilianza kupanga upya funguo zangu bila kutaja bei hata moja. Si kawaida yangu, hata muuza nyanya aligeuka kunitazama. Kisha Maman Venansia akauliza swali moja tu, lisilohusu kisu: "Ile ala ya kapita iko?"

"Iko. Anaivaa hata sasa, tupu."

Akafunga gunia lake. Jumapili tulishuka naye Bugarama, yeye mbele ya gari pamoja na kopo lake magotini, mimi nyuma na magunia ya watu.

Unajua joto la Bugarama. Nyumba ya Papa Sebastiani ilikuwa na uwanja uliofagiwa vizuri, mkeka mkubwa wa kuanikia mpunga umetandikwa kivulini mwa ukuta, na wazee wawili wa kanisa wamekaa kwenye viti bado wamefunga tai. Watu wa mashine walikuwa wamekuja pia, kwa sababu hakuna mtu aliyewaita. Bahati alifika na mama yake. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha sherehe na mkononi ana kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na ndani ya kitambaa kisu. Akakiweka mkekani, akakifunua.

Mwanangu, nilitaka kulia. Kisu kilikuwa kinameta kama sufuria ya harusi.

Wewe umewaona mama zetu. Sufuria isipong'aa nje na ndani, hiyo ni aibu ya ukoo. Maman Bahati alikuwa ameambiwa kwamba kitu cha nyumba yake kitawekwa mbele ya wazee wa kanisa, naye angewezaje kupeleka kitu cheusi mbele ya watu wenye heshima? Jumamosi nzima alikaa nacho, majivu na mchanga, mchanga na majivu. Alisugua bapa, alisugua mpini, alisugua shaba. Na pale chini kwenye muhuri, penye weusi uliogoma, ndipo alisugua zaidi. Korongo alikuwa amebaki kivuli. Mguu ulionekana kidogo. Kichwa hapana.

Papa Sebastiani alikitazama muda mrefu.

"Mimi nilisema changu kina jicho," alisema taratibu. "Huyu kijana alisema chake hakina. Sasa naletewa kisu kisicho na kichwa."

"Nilikuwa nasafisha tu, Papa," Maman Bahati alisema. "Ni kusafisha tu, mbele ya Mungu."

"Bantu basafishaka kintu yenye haina makosa?" mmoja wa watu wa mashine aliuliza kutoka nyuma. Wengine wakaguna.

Nikaona mambo yanaanguka, nikasimama. Niliongea vizuri, usifikiri. Niliwaeleza juu ya muhuri unaochoka, juu ya korongo kipofu niliyemwona kwa macho yangu mawili, na ili waone mimi ni mtu wa uhakika, nikamalizia: "Na misumari yake nimeihesabu mara mbili. Mitatu!"

"Changu pia ni mitatu," alisema Papa Sebastiani.

Sikuwa nimemsaidia rafiki yangu, nilikuwa nimempigilia msumari wa nne.

Papa Sebastiani akafungua mkanda, akatoa ala, akainama akakichukua kisu kile mkekani na kukisukuma ndani. Kiliingia chote, kikatulia, kama mtu anayerudi kitandani kwake.

"Yampaye inka!" mwanamke mmoja alishangaa kwa Kinyarwanda. "Imeingia!"

Bahati alikuwa amekaa chini. Nilimwona anaangalia barabara inayopanda Gitambi, na sijapenda tena kuangalia uso wa mtu kwa namna ile.

Ndipo Maman Venansia alipovua viatu, akakaa kwenye mkeka, akafungua kopo lake. Alitoa kisu cha korongo akakiweka mbele ya kapita. Akatoa kingine. Akatoa kingine. Alikuwa akiviweka chini, hampi mtu mkononi, kwa sababu kwao kisu hakipokewi mkono kwa mkono, huleta ugomvi. Unakiweka, mwenzako anakiokota mwenyewe.

"Papa Kapita, jaribu na hizi."

Akakitoa cha Bahati, akakiweka mkekani, akajaribu cha kwanza. Kiliingia. Cha pili kiliingia. Cha tatu kikaingia, kikatulia vilevile.

"Basi na miye ni mwizi," alisema Maman Venansia. "Mwizi wa zamani kushinda uyu mutoto. Munifunge mbele."

Watu walicheka, hata mzee mmoja wa kanisa alilegeza tai. Lakini yeye hakucheka. Alininyooshea kidole.

"Nusu. Ulisema misumari ngapi?"

"Mitatu, Maman. Nimehesabu mara mbili."

"Okota kisu. Hesabu."

Nikakiokota kile cha Bahati, nikahesabu kwa sauti. Mitatu.

"Geuza."

Nikageuza. Mwanangu, nilihesabu, nikasita, nikahesabu tena nikigusa kwa kidole. Upande wa nyuma ilikuwa miwili. Mmoja juu, mmoja chini, na pale katikati mti mtupu, haukuwahi kutobolewa.

"Ulihesabu mara mbili upande moya," alisema Maman Venansia mbele ya Bugarama yote. "Ile si kuhesabu mara mbili, papa. Ni kuhesabu mara moya, pole pole."

Nimetukanwa sokoni kwa lugha nne. Hakuna tusi lililonikaa kama hilo.

Papa Sebastiani alikichukua kisu akakigeuza yeye mwenyewe. Alikuwa amekunja uso, lakini si kwa hasira. Alikuwa anajaribu kukumbuka. "Changu, nyuma..." alisema. "Nyuma sikumbuki. Nimekishika maisha yangu yote, na sikumbuki nyuma." Alionekana kuliogopa jambo hilo.

"Ala yako inakumbuka," alisema Maman Venansia. "Shaba ikikaa na ngozi, inatoaka kutu ya kijani. Weye uliingizaka kisu namna gani?"

"Korongo akitazama nje. Baba alinifundisha hivyo, sijawahi kubadilisha."

"Basi tugeuze ala, tuangalie ndani."

Hapo Papa Sebastiani aliifunika ala kwa viganja viwili. Ilikuwa ngozi ya zamani, ngumu kama gome la mti, na mshono ulikuwa wa mkono wa baba yake. Ikigeuzwa ingepasuka. Kisu kilikuwa kimekwenda. Hii ndiyo iliyokuwa imebaki. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Wazee wa kanisa walitazama viatu vyao. Angeweza kusema hapana, na kila mtu angemwelewa, na Bahati angekuwa mwizi mpaka leo.

Alimtazama Maman Bahati, aliyekuwa anafuta machozi kwa kile kitambaa cheupe. Kisha akamwita mke wake: "Leta siagi ya ng'ombe. Ile ya kujipaka."

Tukakaa. Maman Venansia aliipaka ala siagi ndani na nje, akaisugua kwa dole gumba polepole, akaiweka juani, akaipaka tena. Watu wakaishiwa maneno, wakaanza kuzungumza mambo ya mpunga. Hakuna aliyeondoka. Ngozi ilipoanza kukubali, akamrudishia kapita. "Geuza weye mwenyewe."

Papa Sebastiani aliigeuza kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa soksi. Mshono mmoja ulikatika. Aliusikia, sote tuliusikia, akaendelea. Ndani ya ngozi ikatokea nje, rangi ya kahawia, laini, na juu yake vitone vya kijani, vibichi kama mbegu za mbaazi. Vya mbele akavihesabu: vitatu. Akaigeuza, bila kuambiwa. Nyuma navyo vitatu. Na cha katikati hakikuwa kwenye mstari. Kilikuwa kimesogea kidogo kuelekea mgongoni mwa kisu, kana kwamba aliyetoboa siku ile aliitwa chakula.

Alihesabu tena, mbele na nyuma. Hakuna aliyemharakisha. Kisha Maman Venansia akageuza visu vyake vyote kwenye mkeka ili sote tuone. Vingi vilikuwa na mitatu na mitatu. Vichache vilikuwa na mitatu mbele na miwili nyuma, kama cha Bahati. "Sasa muangalie korongo ya izi za miwili," alisema. Wazee wa kanisa waliinama, mmoja akavaa miwani ya mwenzake. Kila kisu chenye misumari miwili nyuma, korongo wake alikuwa kipofu. Pengine kiwanda kilikuwa kinaokoa shaba siku zile muhuri umechoka, hakuna ajuaye. Lakini jicho ambalo Maman Bahati alituhumiwa kulifuta kwa majivu halikuwapo tangu mwanzo.

"Si changu," alisema Papa Sebastiani.

Alisema kwa sauti ya kutosha watu wa nyuma wasikie. Kisha akasimama, mtu mzima yule, akakiweka kisu chini kwenye mkeka mbele ya Bahati, akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Bahati alikiangalia kwanza. Akakiokota.

"Mwanangu, nilikuita mwizi moyoni," Papa Sebastiani alimwambia. "Mdomoni sikufika, lakini moyoni nilikuita. Nisamehe. Gitambi nitakwenda mwenyewe kwenye sherehe yako, wanione nimekaa upande wenu."

Na alikwenda. Mimi pia nilikuwepo, nikala kwa niaba ya watu wawili. Maman Bahati aliapa hatasugua tena kitu cha mtu, kiapo alichokivunja kesho yake kwa sababu ya masufuria ya harusi.

Kisu cha Papa Sebastiani hakikupatikana. Labda kilikwenda na pumba kwenye tanuri la matofali, labda kilivuka mpaka wa Ruhwa mfukoni mwa dereva. Alikitafuta miaka yote. Alipokuwa mzee sana alituma niitwe, akaweka ile ala kitandani mbele yangu, akasema: "Wewe ndiye visu vinapita mikononi mwako. Kikija, utakijua." Nikaiokota. Maman Venansia naye alipoondoka duniani aliniachia kopo. Kwa hiyo watu wanaposema Mzee Nusu anakusanya visu, wanakosea kidogo. Nakitafuta kimoja, hivyo vingine vimenikuta njiani.

Sasa nikupe neno lako, mwanangu, nalo si refu. Kuhesabu mara mbili ni kuzuri, lakini hesabu ya pili ianze pale ambapo ya kwanza haikufika. Geuza kitu. Na si kisu peke yake. Utaletewa habari ya mtu, imesuguliwa au imechafuliwa, na utaonyeshwa upande mmoja na mtu mwenye haraka. Hata kama inaingia kwenye ala vizuri kabisa, hata kama watu wote wanapiga kelele kwamba imeingia, wewe omba kuona nyuma. Kitu usichokielewa usikisugue. Weusi wake huenda ndiyo maneno yake. Na ukijua kupatana bei kama baba yako, patana bei za vitu mpaka wakukimbie, lakini ukisikia jina la mtu liko sokoni, funga mdomo, fungua macho. Papa Sebastiani aliikata ala ya baba yake mshono mmoja ili kumwachia kijana wa watu jina zima. Mtu wa namna hiyo ukimpata, kaa karibu naye.

Mungu akupe macho ya Maman Venansia na mikono ya taratibu ya kapita yule. Akupe ulimi mzito kidogo kuliko huu wangu. Akulinde barabarani, na unapoweka kitu chini mbele ya mtu, akiokote kwa amani.

Na huyo mwenye kisu, mwambie akutumie picha ya upande wa nyuma. Kama ni miwili, toa nusu ya bei anayosema, ukimbie. Kama ni mitatu, na wa katikati umesogea kuelekea mgongoni, usibishane naye hata kidogo, lipa alichosema, panda gari uje. Mimi hapa nimeishusha ala ukutani, naanza kuipaka siagi.